Suruali Iliyoteketea Sikukuu ya Mtakatifu Yohana

Mimi ni mtu wa Rukwa. Kwetu maporomoko ya maji ni Kalambo: mto unafika ukingoni, pale mpakani na Zambia, haumwombi mtu radhi, unajitupa chini zaidi ya mita 200. Sasa mwenzangu wa darasani kule Riga, mji mkuu wa Latvia, akaniambia mji wao una maporomoko mapana kuliko yote barani Ulaya, twende tukale sikukuu kwao. Nikapakia koti la mvua. Nikapakia na mfuko wa nailoni wa kufungia simu, maana Kalambo unaloa ukiwa bado unauliza njia.

Kabla ya kuondoka nikampigia mama, nikamwambia naenda kwa watu kusherehekea Mtakatifu Yohana. Si uongo. Tarehe 24 Juni ni kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji, na Walatvia siku hiyo wanaiita Jāņi kwa jina lake huyo huyo. Mama, ambaye tangu nipande ndege anaamini huku hakuna anayesali, alifurahi mpaka sauti ikambadilika.

"Afadhali baba umepata watu wa dini. Niwekee nia ya misa, hili goti linanitesa."

Nikamwambia nitaweka. Ambacho sikumfafanulia ni kwamba sikukuu yenyewe ni ya jua, ya usiku mfupi kuliko yote wa mwaka. Wazee wao waliisherehekea kabla ya padri yeyote kukanyaga nchi ile, Yohana kaja kupachikwa juu baadaye. Ukienda na rozari unaweza kujikuta huna pa kuishikia.

Mji unaitwa Kuldīga. Uko magharibi mwa Latvia, eneo la Kurzeme, kama kilomita 150 kutoka Riga. Treni ya abiria haiendi, unapanda basi, unapita misonobari, mashamba, misonobari tena, halafu ghafla paa za vigae vyekundu. Wakazi ni kama elfu kumi na kidogo. Kwetu kuna kata zinawazidi. Lakini huo udogo usikudanganye. Ngome ya kwanza pale walijenga wapiganaji wa Kijerumani wa vita vya msalaba mwaka 1242, baadaye ukawa mji wa watawala wa Kurzeme, na mwaka 2023 mji mkongwe wote ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kuna kijito kinaitwa Alekšupīte kinapita kikiwa kimegusa kuta za nyumba kabisa. Nyumba ya mjomba wake mwenzangu, tulikofikia, iko hapo hapo. Unafungua dirisha la jikoni, chini yako bata wanaogelea.

Mjomba mwenyewe ni mzee mstaafu, mrefu, macho ya buluu, mtu wa kutabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Huo upande mmoja ungenishtua mapema, ila sikuwa namfahamu.

Mchana akatutoa kwenda kuona maporomoko. Nikavaa koti la mvua, nikafunga zipu mpaka kidevuni. Tukafika mtoni. Mto Venta, unatokea Lithuania kwenda kumwaga bahari ya Baltiki, mpana, umetulia, jua linawaka juu yake.

"Haya, yako wapi?" nikauliza.

"Hayo hapo."

"Hapo wapi?"

Mzee akaninyooshea kidole. Jamani. Kuna ngazi moja ya mwamba wa dolomiti imekatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, zaidi ya mita 100, na masika yao theluji ikiyeyuka maji yanatanuka mpaka kama mita 270. Kwa upana sina neno, wapewe kombe lao. Ila kwenda chini ni kama mita 2. Mcheza kikapu mmoja akisimama kwa chini anachungulia kwa juu bila kujinyoosha. Watoto walikuwa wanatembea juu ya maporomoko, maji ya kifundo cha mguu, wanalamba aiskrimu. Na mimi nimesimama na koti la mvua, jasho linanitoka, simu imefungwa kwenye nailoni.

Nikacheka. Nilijaribu kujizuia, ikashindikana. Nikamtolea mzee habari za Kalambo, kwa mikono na kwa sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu ule upande wake mmoja, akasema: "Sisi hapa samaki wanaruka."

Na kweli wanaruka. Kila masika samaki wanaoitwa vimba wanapanda mto kwenda kutaga, wakifika kwenye ule mwamba inabidi waruke hewani. Enzi za Duke Jēkabs, mtawala wa Kurzeme aliyezaliwa humo humo Kuldīga mwaka 1610, walitega vikapu ukingoni, samaki wanaruka wenyewe wanaangukia ndani. Ndiyo maana wanajisifu kwamba kwao samaki waliwavua hewani. Nikasema sawa, hiyo nimeikubali.

"Halafu huyo duke," mzee akaendelea, "alikuwa na koloni kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Afrika. Mto Gambia. Mwaka 1651 walijenga ngome kisiwani."

Hili nililikagua baadaye, ni kweli tupu. Kile kisiwa cha Mto Gambia ambacho leo kinaitwa Kunta Kinteh, ngome yake ya kwanza ya Wazungu ilijengwa na watu wa kijinchi hiki cha misonobari, na wakashika na Tobago kule Karibi. Mwaka 1661 Waingereza wakawanyang'anya ya Gambia. Lakini kutoka Sumbawanga hadi Gambia ni kilomita kama 5,800, na kutoka Kuldīga hadi Gambia ni hizo hizo. Nilipomweleza mzee kwamba Gambia si kwetu, akasema basi wote wawili tuko mbali nayo sawasawa, kwa hiyo ni ndugu. Utambishia nini mtu wa namna hiyo?

Akatuzungusha mjini pia. Sinagogi kubwa la Wayahudi leo ni maktaba. Waumini wake waliuawa mwaka 1941, na mbele ya jengo lile mzee hakutabasamu upande wowote. Kisha daraja. Daraja ndilo alilojivunia kupita vyote: la matofali mekundu, la mwaka 1874, mita 164, matao mfululizo. Mwaka 1915 vitani sehemu yake ililipuliwa, mwaka 1926 wakaijenga tena. "Mita 164," alirudia, ananigonga bega. Nikaitikia kama unavyoitikia takwimu yoyote.

Jioni, kabla ya sikukuu kuanza, nikaamua kuvuka maporomoko kwa miguu kama wale watoto. Nikakunja suruali. Ilikuwa suruali ya kitambaa, kaishona fundi wa Sumbawanga kwa vipimo vyangu, mfuko wa nyuma una kifungo. Ule mwamba una utando wa kijani unaoteleza, na utando haukuulizi kwenu kuna mita ngapi. Nilikuwa katikati, nimegeuka nipigwe picha, miguu ikaenda Lithuania, mimi nikabaki. Nikakaa chini kwa nguvu, maji yakanisukuma taratibu, bila haraka, mpaka ukingoni, yakanishusha zile mita 2 nilizozicheka. Nikaibukia kwa chini, maji ya kifua, baridi ya kukata pumzi. Mtoto mmoja akanichungulia kutoka juu, aiskrimu mkononi, akanipungia.

Sherehe ilikuwa ng'ambo ya pili, kwenye bustani ya jamaa zao. Nilifika natetemeka. Mama wa nyumba akanipa shuka, jeupe, kubwa, la pamba, akaniamuru kwa vidole: vua. Nikajifunga shuka kama msuli, suruali na boksa zikaanikwa kwenye ua wa mbao karibu na moto. Nikavikwa taji la majani ya mwaloni, maana mwanamume siku hiyo hakai kichwa wazi. Wanawake wanavaa maua. Basi hapo nikasahau shida zote. Kuna jibini yao ya mviringo yenye mbegu za kisibiti, mkate mweusi, bia, na nyimbo ambazo kila mstari unaishia na "līgo, līgo". Jua linazama karibu saa nne na nusu usiku, na hata likizama halimaanishi. Kulala ni mwiko mpaka lichomoze tena. Anayelala usiku ule, wanasema, atasinzia kiangazi chote. Wapenzi wanaaga kwenda msituni kutafuta ua la kangaga. Kangaga haichanui maua, kila mtu anajua, na bado wanatafuta kwa saa nzima. Mwenzangu naye akaenda kutafuta.

Desturi nyingine ni kwamba mataji ya mwaka jana, yaliyokauka, yanachomwa kwenye moto wa mwaka huu. Yale ya kwao yalikuwa yametundikwa wapi? Kwenye ua wa mbao. Bibi mmoja wa makamo ya juu, anaimba, macho ameyaelekeza mbinguni, akapita na ule ua anakumbatia mataji yote kwa mkupuo, akayatupa motoni. Nikaona mguu wa suruali unainuka ndani ya ndimi za moto, unanipungia. Kifungo cha mfuko wa nyuma kikalia "pa!" Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mwaloni.

Sasa mbu wakaanza. Mbu wa kule hawana malaria ila hasira wanayo. Nguo zangu nyingine ziko nyumbani kwa mjomba, ng'ambo ya mto. Nikamwomba mzee ufunguo, nikamuuliza kama njiani kutakuwa na watu. Akatazama saa yake vizuri, akatabasamu.

"Sasa ni saa tisa kasoro. Ondoka sasa hivi. Pita darajani. Ni wakati mzuri kabisa."

Nikashika shuka kwa mkono mmoja na ufunguo kwa mwingine, pekupeku, taji kichwani. Anga tayari jeupe. Baiskeli moja ikanipita mbio, sikuitilia maanani. Nikaingia darajani, na nilipofika katikati nikaona ng'ambo ya pili umati wa watu. Wengi. Wana kamera. Nikajisemea, ndiyo hivyo, habari zimesambaa kwamba kuna Mwafrika kajifunga shuka, mji mzima umeamka. Nikainua mkono kuwasalimu. Wakashangilia. Mtu anakuwa maarufu kirahisi hivi?

Ndipo nikasikia nyuma yangu miguu. Miguu mitupu, mingi, inapiga matofali. Nikageuka.

Kumbe Kuldīga wana desturi nyingine ambayo hakuna aliyenidokeza: alfajiri ya Jāņi, saa tisa, watu wanavuka lile daraja mbio wakiwa kama walivyozaliwa. Taji kichwani, na baada ya taji hakuna habari nyingine. Wanaume, wanawake, vijana, vitambi, wote wananijia, wanacheka. Mama mmoja rika la mama yangu akanipita mbavuni, akanitakia sikukuu njema. Nikaangalia juu. Nikaangalia mto. Kila upande niliotazama kulikuwa na mtu.

Kusimama ilikuwa hatari, kurudi ndiyo kabisa, kwa hiyo nikakimbia. Ile mita 164 niliyoisikia mchana kama takwimu, nikaipima kwa nyayo. Upepo wa mto ukaingia chini ya shuka ukalijaza, mikono miwili haikutosha, ufunguo nikauhamishia menoni. Umati unanipigia kelele na kunionyesha kwa ishara: tupa, tupa hilo shuka! Wananiona mwoga. Mbele yangu wamebaki wachache, nyuma kundi zima, na mimi katikati ndiye pekee mwenye kitambaa Kuldīga yote.

Nikafika. Jamaa mmoja mtupu akanipa mkono kwa heshima zote, akanisukumia bia, akaniuliza natoka wapi. Na nani nikamwona pembeni, ameegemea baiskeli, simu imeinuliwa usawa wa jicho? Mzee. Safari hii alikuwa anatabasamu pande zote mbili.

Picha alimtumia mpwa wake, mpwa akaiweka kwenye kundi la darasa, na kundi la darasa lina Mtanzania mwingine. Kabla sijapanda basi la Riga ilikuwa imeshafika kwenye kundi la ukoo. Afadhali simu ya mzee ni ya zamani: mimi nimetoka vizuri kabisa, shuka jeupe, majani kichwani, mkono mmoja juu, na wale wa nyuma ni ukungu wa rangi ya ngozi.

Mama akatuma sauti.

"Baba, nimekuona. Shuka limekupendeza. Sasa hao nyuma yako ndio waliokuwa wanapelekwa kubatizwa?"

Nikaandika: Ndiyo, mama.

Shangazi akadakia: "Wote hao? Mtoni? Na baridi hiyo?"

Ndiyo, shangazi.

Goti la mama lilipoa wiki ile ile, akaipeleka picha kwa paroko kushukuru. Anasema paroko ameivuta kwa vidole, ameikuza, ameitazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza jimbo hilo liko nchi gani, maana likizo yake ya mwaka huu bado hajaichukua.