Mkopo wa siri na kura ya Lloyds

Jioni ya tarehe 13 Septemba 2007, BBC ilitangaza kwamba Northern Rock, benki ya mikopo ya nyumba nchini Uingereza, imeomba fedha za dharura kutoka Benki Kuu. Kulipokucha, foleni zilikuwa zimeshajaa nje ya matawi, kila mtu akidai chake. Tovuti nayo ikazidiwa. Ilibidi Waziri wa Fedha, Alistair Darling, atangaze Jumatatu kwamba serikali inadhamini amana. Mkopo uliokuja kuwatuliza watu ndio uliowatimua mbio.

Wanaotetea usiri wa mikopo kama hii huanzia hapo, na hoja yao si ya kubeza. Amana zetu hazikai sandukuni, zimekopeshwa wengine. Wateja wote wakizidai kwa mpigo, hata benki imara huanguka.

Mwaka uliofuata somo lilikuwa limewaingia wakuu wa Benki Kuu, pengine kupita kiasi. Oktoba 2008 Benki Kuu iliwakopesha RBS na HBOS, benki mbili kubwa za huko, kimya kimya, na tarehe 17 deni likafika paundi bilioni 61.6, sehemu yake ikidhaminiwa na Hazina, yaani na mlipakodi. Hakuna aliyepanga foleni. Kufikia Januari 2009 mikopo yote ilikuwa imelipwa. Kwa kipimo hicho, siri ilifanya kazi.

Ila tazama kalenda. Novemba 2008 wenye hisa wa Lloyds, benki nyingine ya Uingereza, walipiga kura ya kuinunua HBOS, ununuzi ambao serikali yenyewe iliulegezea masharti ya ushindani. Hawakuambiwa kwamba mgonjwa wanayemchukua anapumulia mashine. Hasara za HBOS zikaiburuza Lloyds hadi serikali ikamiliki zaidi ya asilimia 40 ya hisa zake. Mikopo ile ilitangazwa tarehe 24 Novemba 2009, miezi kumi baada ya kulipwa. Hofu ya foleni inaeleza ule ukimya wa Oktoba. Miezi hiyo kumi, kwangu, haijaelezwa vya kutosha.

Marekani, baada ya shirika la habari la Bloomberg kuishtaki Benki Kuu ya huko na kushinda, na Bunge kutunga sheria mwaka 2010, mikopo ya aina hii hutajwa hadharani baada ya miaka miwili hivi. Ni afadhali kuliko kungoja hisani ya gavana wa Benki Kuu. Lakini mwenye hisa wa Lloyds isingemfaa kitu; yeye alihitaji kujua kabla ya kunyoosha mkono. Kama ilikuwa lazima siri itunzwe, basi kura ile ingesubiri.