Hela ya Geti Niliimwaga Kwenye Lenta

Fundi aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa. Kuta zimefika usawa wa juu ya madirisha, na mimi nataka lenta, ule mkanda wa zege na nondo, izunguke nyumba nzima, ipite na kwenye kuta za ndani, badala ya vile vipande vya juu ya milango alivyozoea kuweka. “Bosi, hii ni nyumba ya chini, si ghorofa,” akasema. Akapiga hesabu ya nondo, saruji, kokoto na mbao. Ikaja karibu sawasawa na hela niliyoitenga kwa ajili ya geti.

Nikamwambia geti lisubiri. Wala si kwamba mimi ni mjuzi wa ujenzi. Nilikuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko la ardhi.

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na nusu hivi alasiri, tumetoka kula ndizi. Nilidhani ni lori la mawe linapita barabarani. Mara vyombo vikaanza kugongana kabatini, na nikaona kitu ambacho nikikikumbuka mwili unanisisimka mpaka leo: ukuta wa sebule uliachana na dari, mwanga ukapenya katikati, kisha vikakutana tena. Sekunde chache tu. Tulipotoka nje tukakuta kwa jirani, nyumba ya tofali mbichi zilizojengewa udongo, ile pembetatu ya ukuta inayobeba kenchi imeanguka ndani na kulala juu ya kitanda. Mwenye kitanda alikuwa kisimani.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Kagera ilizika watu zaidi ya 15, majeruhi walikuwa mamia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa kwa muda. Sisi tulilala migombani siku kadhaa, maana ardhi iliendelea kutikisika kidogo kidogo, na kila ikitikisika watoto walikuwa wa kwanza kusimama.

Sasa, tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kwa vipimo vya dunia hilo ni la kati. Februari 2010 Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, na waliokufa, pamoja na waliochukuliwa na tsunami, walikuwa kama 500. Mwezi mmoja kabla yake Haiti ilikuwa imepigwa na la 7.0, ambalo nishati yake haifiki hata sehemu moja ya mia ya lile la Chile, na wakafa zaidi ya 100,000. Ni kweli la Haiti lilitokea karibu kabisa na mji mkuu wenye watu wengi. Lakini ni kweli pia kwamba Wachile walishaumwa na nyoka huyo mara nyingi, wakaandika kanuni za ujenzi na wakazisimamia.

Ukuta wa tofali ni hodari wa kubeba. Kuvutwa huku na huku hauwezi. Ardhi ikiyumba, kila ukuta unataka kwenda njia yake. Pembe zinafunguka, nyufa zinaanzia kwenye kona za madirisha, na pembetatu ya juu, ambayo haijashikwa na kitu, inadondoka kwanza. Ukitaka kuielewa lenta, mtazame mama anayesuka kapu. Asipofunga ukingo, kapu linafumuka hata kama ukindu ni mzuri namna gani. Lenta ndio ukingo wa nyumba, na ikikatwa mahali pamoja tu, ukingo haupo tena.

Lenta yangu ina nondo nne za milimita 12 na ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozifunga nondo pamoja, kila baada ya sentimita 20. Nilisimama pale kuhakikisha ncha za ringi zimekunjwa kuingia ndani ya zege, na kwamba zege linamwagiwa maji wiki nzima. Hapo ndipo tuligombana kweli, kwa sababu fundi alikuwa na kazi nyingine mahali pengine na maji yanatoka mbali. Madirisha nikayasogeza mbali na kona. Pembetatu za tofali nikazikataa kabisa; pale juu nimefunga mbao na bati. Msonge wa babu zetu, wa miti na nyasi, ulikuwa unayumba na kurudi bila kumuumiza mtu. Adui yake alikuwa moto. Tofali tumelipenda, sawa, lakini tulilichukua bila masharti yake.

Na likitokea uko ndani? Ushauri unaosambazwa ni kujikunyata chini ya meza imara na kuishikilia hadi mtikisiko uishe. Kwenye nyumba iliyofungwa vizuri, na hasa ghorofani, naukubali. Ngazi na vioo vinaumiza wanaokimbia. Waliokuwa maghorofani Dar es Salaam usiku wa Agosti 12, 2020, ardhi ilipotikisika, wanajua ile tamaa ya kukimbilia ngazi. Lakini kwa bibi yangu anayeishi kwenye tofali za udongo, hatua tatu kutoka mlangoni, na mbele yake uwanja mtupu, mimi namwambia atoke, asiishie barazani, aende mbali na ukuta. Kitanda chake tumekisogeza kutoka chini ya ile pembetatu. Na zile meseji za WhatsApp zinazotaja saa ambayo tetemeko lingine litafika, futa. Hakuna mtu duniani anayeijua.

Januari 2017 Rais Magufuli alikuja Bukoba akaeleza wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Watu walinuna, na mimi nilinuna. Leo naona kuna deni dogo zaidi ambalo hatukulidai. Nyumba nyingi za Kagera hazijawahi kuonwa na mhandisi, zimejengwa na mafundi wa mtaani, na baada ya tetemeko mafundi walewale waliitwa, wakaokota tofali zilezile, wakazipanga vilevile. Wiki moja ya mafunzo kwa fundi kila kijiji, aoneshwe kwa mikono jinsi ya kukunja ringi na kufunga kona, ingefika mahali ambapo kibali cha ujenzi hakifiki. Bonde la Ufa, linalotuletea matetemeko haya, halijahama. Mwaka 1910 Rukwa walipata tetemeko lililozidi 7.

Plasta imeshapigwa, lenta haionekani tena. Shemeji alikuja Pasaka, akazunguka nyumba, akasifia bati, kisha akasimama pale kwenye uwazi wa uzio ambapo nimeegesha miti miwili kuzuia mbuzi. “Shemeji,” akaniuliza, “hela iliishia wapi?”