Tunawafundisha kupika matokeo

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilichora kiputo cha hewa nikakiita seli ya kitunguu. Nilikuwa nimedondosha kioo cha kufunikia kwa pupa badala ya kukilaza taratibu kwa mshazari. Hewa ikanaswa chini yake, na kwenye hadubini likaonekana duara safi lenye ukingo mweusi. Jirani yangu hakuona kitu kabisa, akafungua kitabu na kunakili mchoro. Yeye alipata tisa kwa kumi. Mimi nne.

Sasa ni zamu yangu kusimamia maabara, na bado tunamtuza aliyenakili. Mwongozo unasema tia kipande cha ini kwenye haidrojeni peroksaidi, povu litatoka kwa sababu ya kimeng'enya kiitwacho katalasi. Jibu limetangulia swali. Povu lisipotoka, mwanafunzi anaandika kwamba lilitoka. Anamaliza shahada na rundo la ripoti nadhifu, lakini hajawahi hata siku moja kulazimika kuamua aamini macho yake au kitabu.

Ndiyo maana hupenda kuwaonyesha hesabu za Mendel, mtawa aliyechunguza jinsi njegere zinavyorithi sifa. Katika mbegu za njegere alizohesabu, 5,474 zilikuwa za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Gawanya: unapata 2.96 kwa 1, si 3 kwa 1 ya vitabuni. Mwanafunzi wangu akipata 71 kwa 29 hufuta upesi akaweka 75 kwa 25. Nani kamwambia maumbile yana adabu hiyo? Mimi ningemuuliza: namba zingepotoka kiasi gani kutoka 75 kwa 25 ndipo uanze kutilia shaka? Aliyewahi kuhangaika na swali hilo, akisikia dawa imeponya wanane kati ya kumi, atauliza kwanza ni kumi gani hao.

Marekani, tangu 2008, mpango wa SEA-PHAGES huwaachia wanafunzi wa mwaka wa kwanza watafute kwenye udongo virusi wanaoshambulia bakteria. Hata mwalimu hajui watapata nini. Najua, kusoma jenomu za virusi hao, yaani taarifa zao zote za urithi, ni gharama. Lakini hamira, sukari na maji ya joto tofauti si gharama, na humo pia mna maswali ambayo mwongozo haujayajibu. Tatizo ni muda: msimamizi mmoja, wanafunzi themanini, saa mbili. Hilo sina dawa yake.

Nilichoweza kubadilisha ni usahihishaji. Juzi mmoja aliniandikia: "Povu halikutoka. Nadhani chupa ya peroksaidi ilikaa juani muda mrefu. Naomba chupa mpya nijaribu tena." Nikampa kumi, na chupa.