Miaka 2,000 au 400? Umri wa matuta ya mpunga ya Ifugao

Watoto wa shule nchini Ufilipino wamefundishwa kwa vizazi kwamba matuta ya mpunga ya Ifugao, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, yana miaka 2,000. Hata UNESCO, iliyoyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, imeurudia umri huo. Chanzo chake ni Wamarekani wawili wa mwanzoni mwa karne ya 20, Otley Beyer na Roy Barton, waliokisia muda ambao watu wangehitaji kuchonga milima mizima kwa mikono.

Stephen Acabado, mwanaakiolojia Mfilipino, hakukisia. Alichimba pamoja na wenyeji katika Kiyyangan ya Kale, mahame ya kijiji cha wakulima katika eneo la Kiangan, Ifugao. Udongo ulionyesha kwamba magimbi yalitangulia. Mpunga wa majini ulishamiri baada ya Wahispania kufika kaskazini mwa Luzon, miaka 400 hivi iliyopita.

Wanaopinga wana hoja. Kijiji kimoja hakiwezi kuyasemea mabonde yote ya Ifugao. Tena mkulima aliyeambiwa na babu yake kwamba ukuta huu wa tuta ni wa tangu na tangu, leo anahisi amenyang'anywa kitu. Uchungu huo nauheshimu.

Lakini nikipima, naona Acabado amewaongezea wenyeji heshima. Simulizi ya zamani iliwafanya Waifugao watu waliosahauliwa mlimani, wasioguswa na historia. Hii mpya inaonyesha watu waliomwona mvamizi bondeni, wakajikusanya juu, wakalima chakula cha kulisha wengi na wakakataa kutawaliwa. Hispania ilikaa Ufilipino zaidi ya miaka 300 bila kuwatia mkononi kikamilifu.

Na miaka 400 si michache. Imetosha kuzaa tinawon, mpunga wa asili unaovunwa mara moja tu kwa mwaka. Wanawake hukata suke kwa suke, wakayafunga mafungu, huku wakiimba hudhud, tenzi ndefu za mashujaa wao. Juu ya matuta kila ukoo hutunza msitu wake, muyong, unaohifadhi maji yanayoteremka kutoka tuta hadi tuta. Msitu ukikatwa, tuta hukauka. Tuta likikauka, ukuta hupasuka. Mwaka 2001 UNESCO iliyaweka matuta haya kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hayakutolewa humo hadi 2012. Yalikuwa yakibomoka kwa sababu vijana walikuwa wakihamia mijini, na kuta hizo hazina fundi mwingine.