Kupanga nyota ndiyo sayansi yenyewe

Nimechoka kusikia watu wakiigawa sayansi mafungu mawili: wagunduzi juu, na "wajaza orodha" chini yao. Nimeyasikia kwa wazazi, kwa wanafunzi wanaochagua masomo, hata kwa wasomi wa hapahapa Mwanza. Kijana akisema anafanya kazi ya kuainisha sampuli au kupanga kumbukumbu za utafiti, anaulizwa ataanza lini kazi yenyewe. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ushahidi wangu nautoa angani.

Mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Bavaria, aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kipande cha kioo kinachotawanya mwanga kuwa rangi, akakuta rangi zake zimekatwakatwa na mistari myeusi. Aliihesabu ikapita 570. Hakujua imetoka wapi, lakini aliiandika yote mahali pake. Jibu lilikuja miaka arobaini na kitu baadaye, pale wanasayansi wa Ujerumani Kirchhoff na Bunsen walipoonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake. Nyunyiza chembe chache za chumvi kwenye moto wa jiko la gesi uone: mwali wa buluu unageuka njano palepale. Njano hiyo ni ya sodiamu. Kwenye mwanga wa jua, mahali pa njano hiyohiyo, pana mistari miwili myeusi, kwa sababu sodiamu iliyo katika tabaka la nje la jua inaimeza rangi hiyo kabla haijatufikia.

Basi kila nyota inatuletea maelezo yake yenyewe. Kazi ikabaki kuyasoma, nyota moja baada ya nyingine, kwa maelfu. Nani aifanye?

Waliofanya walikuwa wanawake wa kituo cha kuangalia nyota cha Harvard, Marekani. Fedha zilitolewa na Mary Anna Draper kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe, Henry, aliyepiga picha ya spektra, yaani mwanga uliotawanywa kuwa rangi na mistari yake, ya nyota Vega mwaka 1872. Mkurugenzi, Edward Pickering, aliajiri wanawake kwa ujira wa senti 25 hivi kwa saa. Mmoja wao, Williamina Fleming kutoka Dundee, Uskoti, alikuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa Pickering. Katalogi iliyotoka 1890, yenye nyota zaidi ya 10,000, kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono yake. Alizigawa kwa herufi kufuata ukolevu wa mistari ya haidrojeni, A zikiwa na mistari mikubwa kuliko zote. Mwaka 1900 aliandika katika shajara yake kwamba yeye analipwa dola 1,500 kwa mwaka wakati wanaume wengine wanapata 2,500. Hilo linaniuma hadi leo, na linaonyesha kuwa dharau ninayoilalamikia ina mizizi mirefu.

Mwaka 1896 akaingia Annie Jump Cannon, mwanamke aliyekuwa karibu kiziwi. Hebu mtazame akiwa kazini. Mbele yake kuna bamba la kioo, picha ya anga iliyopigwa kupitia prizimu, hivyo kila nyota imekuwa mchirizi mdogo. Kwa kuwa ni negativu, picha ambayo mwanga unatoka mweusi, mchirizi ni mweusi na mistari iliyomo ni myeupe. Anainama na lenzi ya kukuzia, anatazama mchirizi mmoja, anatamka herufi, msaidizi kando anaandika, anahamia mwingine. Alipozoea kabisa aliweza kupitia nyota tatu kwa dakika. Katalogi ya Henry Draper, iliyochapishwa kati ya 1918 na 1924, ina nyota 225,300, na zote alizipanga yeye.

Tuliangalie vizuri jambo alilolifanya kabla ya hapo, katika orodha yake ya nyota 1,122 angavu za kusini iliyotoka 1901. Alifuta herufi nyingi, akazipanga upya zilizobaki: O, B, A, F, G, K, M. Hakuwa na nadharia ya kumwambia afanye hivyo. Aliifuata mistari yenyewe. Ukitoka A kwenda B na O, haidrojeni inafifia na heliamu inajitokeza. Ukitoka A kwenda upande wa pili, haidrojeni inafifia vilevile, lakini safari hii kalsiamu na metali nyingine zinakolea, mpaka unafika M kwenye mikanda mipana ya oksidi ya titani.

Kwa nini haidrojeni ipande kisha ishuke? Swali hili haliwezi hata kuulizwa mpaka mtu awe amezipanga nyota sawasawa. Mwaka 1920 mwanafizikia Meghnad Saha wa India alionyesha kwamba ni suala la joto. Karibu na Kelvini 10,000, haidrojeni imesisimka kiasi cha kumeza vizuri sana mwanga tunaouona kwa macho. Joto likizidi sana atomi zinanyang'anywa elektroni, likipungua zinatulia. Mwaka 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne aliichukua hesabu hiyo, akaitumia kwenye mabamba ya Harvard, akakuta kwamba nyota kwa sehemu kubwa mno ni haidrojeni na heliamu. Wakubwa hawakuamini, naye akalazimika kuandika kwamba matokeo yake huenda si ya kweli. Ilipofika 1929 mwanaastronomia Henry Norris Russell, aliyempinga, alikiri kwamba Payne alikuwa sahihi. Toa kazi ya Cannon kwenye mfululizo huu uone kinachobaki.

Sisi wa Ziwa Victoria tunalo funzo letu la jambo hili. Mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuainisha furu, samaki wadogo wa ziwa hili, wa Ghuba ya Mwanza kwa meno, taya na rangi za madume, aina baada ya aina. Miaka ya 1980 sangara, anayewala, akatapakaa na furu wakatoweka kwa mamia ya aina. Tunajua kilichopotea kwa sababu kuna watu walikuwa wameshaorodhesha.

Harvard ilibidi wajenge kituo Arequipa, Peru, ili wapate anga ya kusini. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, anga karibu yote ni yetu. Januari jioni, wavuvi wa dagaa wakiwa na taa zao ziwani, mtoto aliyekaa juu ya mawe ya Capri Point anaona bila darubini Rigel ya kundi B iking'aa kibuluu, Betelgeuse ya kundi M ikiwa nyekundu, Sirius ya kundi A, na Kilimia ambayo nyota zake angavu zote ni B.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia jambo moja. Spektra za nyota, kwa mamilioni, zinapatikana bure kwenye intaneti. Chapisheni chache bila herufi zake, wagawieni wanafunzi makaratasi, muwaache wazipange wenyewe na wabishane. Saha asitajwe kwanza. Mtajeni siku watakapouliza kwa nini haidrojeni inapanda halafu inashuka.