Nyufa za mwamba wa mfinyanzi: kujiziba hakumalizi hoja

Ukichimba handaki kwenye mwamba wenye mfinyanzi mwingi, mwamba huanza kukusogelea. Hauporomoki kwa kishindo. Unabana polepole, milimita kwa milimita, kwa miaka. Kwa handaki la kupitisha magari, hilo ni tatizo la zege na chuma. Kwa handaki la kuhifadhia taka zenye mionzi, kila ufa unazua hofu kwamba maji yamepata njia ya mkato.

Huko Bure, mashariki mwa Ufaransa, Andra, shirika la taifa linalosimamia taka zenye mionzi, lina maabara ya majaribio kwenye kina cha mita 490, ndani ya tabaka lenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Nyufa nyingi hapo hazingoji handaki likamilike. Huzaliwa mbele ya mashine, katika mwamba ambao bado haujachimbwa, na zikionekana ukutani zimejipanga kama miiba ya samaki. Mwelekeo wa handaki nao una uzito. Mwamba hubanwa kutoka pande zote, lakini si kwa nguvu sawa. Handaki likichimbwa sambamba na mgandamizo mkubwa wa ulalo, eneo lililopasuka hutanuka zaidi ubavuni. Likifuata ule mdogo, hutanuka juu ya dari na chini ya sakafu. Ndiyo maana sishawishiki sana na wanaodai kwamba ukuta mgumu wa zege ungemaliza kazi: utapunguza kusogea kwa mwamba, lakini hauwezi kufuta nyufa zilizoutangulia.

Wanaoutetea mwamba huu kama mahali pa kuhifadhia taka wana hoja nzito. Maji yakirudi, madini ya mfinyanzi kama smektaiti huvimba na nyufa hujiziba. Majaribio ya Bure na ya maabara nyingine ya chini ya ardhi, Mont Terri, Uswisi, yameonyesha uwezo wa kupitisha maji ukishuka mara nyingi sana. Katika mfinyanzi laini wa Mol, Ubelgiji, kujiziba huko ni kwepesi zaidi.

Wapinzani nao hawabahatishi. Maji yarudi lini? Sheria ya Ufaransa ya 2016 inataka uhifadhi wa taka hizo uweze kubatilishwa, yaani taka ziweze kutolewa tena, kwa angalau miaka 100. Muda wote mahandaki yakiwa wazi, hewa inayopulizwa humo inaukausha ukuta, na mfinyanzi ukikauka hunywea na kupasuka upya. Mahandaki yakishafungwa, chuma kinachooza bila oksijeni hutoa haidrojeni, nayo inahitaji pa kutokea. Ufa unaozuia maji si lazima uzuie gesi. Halafu ufa uliozibika haujarudishiwa nguvu zake. Ukisukumwa tena, ni rahisi ufunguke palepale.

Kwa upande wa maji, baada ya kufungwa, naona watetezi wako karibu zaidi na ukweli. Ila wanapozungumzia kujiziba kana kwamba ni sifa ya handaki zima, wanaruka sehemu ngumu. Handaki zima halihitaji kuwa kizuizi. Panapohitaji ni pale pa vizibo vya bentonaiti, ule mfinyanzi unaovimba sana. Hapo ndipo zege linapopaswa kuondolewa ili kizibo kigusane na mwamba wenyewe, na kuliondoa kunauachia mwamba usogee tena. Majaribio ya kujiziba yenye thamani kubwa kwangu ni yale yanayofanywa kwenye ukuta uliobanduliwa zege baada ya kukaa mkavu miaka mingi, si kwenye ufa mpya uliomwagiwa maji mara tu baada ya kuchimbwa.