Bei ya Kutangaza Mtandaoni: Inamlinda Nani?

Kamera inaonekana kwenye duka la mtandaoni la Marekani bila bei. Mpaka uiweke kikapuni ndipo bei inajitokeza. Duka linatii sera ya mwenye chapa kuhusu bei ya chini kabisa inayoruhusiwa kutangazwa. Kuuza kwa bei ya chini zaidi hakujakatazwa. Kilichokatazwa ni kuionyesha.

Wenye chapa wana hoja nzito. Tuseme bei ya jumla ni 60 na ya kutangaza ni 100. Muuzaji mwenye ukumbi wa maonyesho na wahudumu waliofunzwa anaihitaji ile 40. Asiye na gharama hizo anatangaza 79, na programu za wapinzani zinazofuatilia bei zinashuka naye: 78, 77, bila mtu kugusa kitu. Mteja anaijaribu bidhaa dukani, kisha anaiagiza kwa simu kabla hata hajatoka. Maduka yakichoka yanaacha kuiagiza, na 77 ndiyo inayobaki vichwani mwa watu kuwa bei halali.

Ila hoja hiyo inasimama pale tu penye huduma. Manukato unayoyanunua kwa mara ya tano hayahitaji maelezo ya mtu. Hapo mnunuzi anagharamia hadhi ya chapa, basi. Tena sera hiyo yaweza kuwaficha wauzaji wakubwa wanaotaka bei isishuke.

Marekani, hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1919 katika kesi ya kampuni ya Colgate inamruhusu mtengenezaji kutangaza masharti yake na kumnyima bidhaa anayeyakiuka. Mtego uko kwenye barua pepe: meneja wa mauzo akikubali ahadi ya muuzaji kwamba atapandisha bei ya kuuzia, sera ya upande mmoja imegeuka makubaliano ya bei. Tangu kesi ya Leegin ya 2007, mahakama za shirikisho hupima madhara ya makubaliano kama hayo. Sheria ya jimbo la Maryland ya 2009 inayakataza moja kwa moja.

Ulaya ni kali zaidi. Mwaka 2018 Asus, Philips, Pioneer na Denon & Marantz walitozwa faini ya jumla ya euro milioni 111 kwa kuwabana wauzaji wa mtandaoni, na miongozo ya Tume ya Ulaya ya 2022 inaihesabu bei ya chini kabisa ya kutangaza kuwa njia ya kupanga bei ya kuuzia. Kinachoruhusiwa ni kuchagua wauzaji kwa vigezo vya huduma. Kwangu hiyo ni haki zaidi, ingawa ni ghali: lazima maduka yakaguliwe, na namba za bidhaa zifuatiliwe ili ajulikane muuzaji wa jumla anayevujisha mzigo kwa wasiochaguliwa. Uvujaji huo usipozibwa, muuzaji asiyechaguliwa atatangaza 70 huku waliochaguliwa wakibanwa na gharama za huduma kwenye 100.